Rangi ya Mashine ya Baba Mkwe

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimejitolea. Tena mbele ya ukoo mzima wa mke wangu, na kwa sauti.

Mambo yenyewe ni haya. Baba mkwe yuko kwa mdogo wake, karibu na hospitali ya macho, wiki ya pili tangu apasuliwe mtoto wa jicho. Miaka minne alikuwa akituona sote kama watu waliosimama nyuma ya pazia. Jumamosi anarudi. Kasema kwenye simu kwamba kitu cha kwanza anachotaka kukiona kwa jicho jipya ni mashine yake. Si mimi. Si wajukuu. Mashine! Ile ya kufungwa nyuma ya boti, silinda mbili, iliyovusha watu na mizigo ng'ambo miaka ishirini na sita. Imemzidi mke wangu umri na, kwa kuwa humu naandika ukweli, imemzidi na upole.

Injini fundi ameshaifufua. Inanguruma. Kilichobaki ni rangi. Buluu yake imebabuka mguuni, na lile ganda la juu, tunaloliita kofia, lina mabaka kama kichwa chenye mapunye. Nikatangaza kwamba nitairudishia rangi ile ile ya siku iliponunuliwa. Ile ile! Mzee aione, machozi yamtoke.

Mwanyumba wangu akakohoa. Tumeoa nyumba moja: yeye kachukua dada mkubwa, mimi nikachukua mzuri. Ni mtunza stoo. Anatembea na rula mfukoni mwa shati, na leso zake anazipiga pasi pande zote mbili. Namwita Bwana Rula. Hapendi. Akashauri tumngoje Mzee mwenyewe. Nikamwambia ngojangoja huumiza matumbo.

Watu wote wanajua Mzee atamkabidhi mashine ile mkwe mmoja. Namjua ni nani. Namwona kila asubuhi kwenye kioo.

Jumanne, 7 Oktoba

Duka la rangi. Mwenye duka ni mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani, makopo hadi darini. Nikamweleza rangi kwa maneno, maana maneno ninayo. Nikasema ni buluu, lakini si buluu ya anga, wala ya wino. Ni buluu ya mtu mzima, iliyostaafu. Mama Makopo akanitazama. Akasema haongezi mafumbo kwenye mashine ya kuchanganyia, nimletee sampuli.

Nikarudi na kofia ya mashine kichwani. Njia nzima watu wananiuliza kama naenda vitani.

Kadi zake zote tukazipanga juu ya kofia. Hakuna. Akachanganya: tone jeusi, tone jeupe, koroga, tazama. Mara ya tatu ikalala palepale! Huwezi kuona mpaka. Akaniambia nipake kidogo kwenye kifuniko, nikianike juani hadi alasiri, kwa sababu rangi mbichi na rangi kavu ni watu wawili, na taa ya dukani ni mwongo wa tatu. Nikamjibu kwa heshima kwamba mimi nimezunguka dunia. Nimefanya kazi melini. (Meli ilikuwa gatini inasubiri spea. Lakini meli ni meli.)

Nikapaka kofia na mguu wa mashine, vyote, mara mbili mbili, kabla ya chakula cha mchana. Kazi safi. Nikalala usingizi wa haki.

Nimeamka. Imekauka. Imekuwa rangi ya biringanya.

Jumatano, 8 Oktoba

Msasa tangu asubuhi. Vidole havina alama tena, nikitaka kuiba benki ni leo.

Bwana Rula akaja, suruali imenyooka kama neno la hakimu. Akaizunguka mashine mara mbili. Akauliza, kwa ile sauti yake ya kuhesabu misumari, kama kuna mahali buluu ya zamani imebaki. Nikamwonyesha: ukingoni, kwa ndani ya kofia, brashi ilikokosa kufika, kidogo kama ukucha. Akasema hata hiyo huenda si ya kwanza. Mashine za aina hii, miaka ile, zilikuwa kijani. Aliziona kwenye kalenda ofisini kwao. Nikwangue nione kilichoko chini.

Nikacheka hadi nikakaa. Kalenda! Nikamwambia kwetu kulikuwa na kalenda yenye simba, na baba hakuwa simba. Sikwangui kitu.

Alipoingia ndani kunywa maji nikakwangua. Kile kipande cha buluu kikabanduka kizima. Chini yake, kijani.

Nikaelewa papo hapo: ni rangi ya chini tu, ile praima ya kiwandani. Mtu wa darasa la saba hababaishwi. (Shule sikuiacha mimi, iliniacha yenyewe.) Nikaweka kidole gumba juu ya ile kijani mpaka Bwana Rula alipoondoka. Dakika arobaini. Akauliza kidole kimefanya nini. Nikasema nimejipiga nyundo. Akaenda kuniletea bandeji, mjinga yule. Ana moyo, sikatai.

Kipande cha buluu nimekihifadhi kwenye kiberiti.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mama Makopo akakitazama kile kipande kwa miwani, kisha bila miwani. Akasema macho yake hayasomi ukucha. Nilete kitu kikubwa chenye rangi hiyo hiyo, ukuta, kitambaa, hata ng'ombe.

Nikatoka barabarani na kiberiti mkononi. Nikakilinganisha na ndoo, na lango la shule, na mwavuli wa mama mmoja aliyenitukana. Saa sita, mbele ya benki, ikapita. Buluu yenyewe! Ilikuwa shati, na ndani ya shati kulikuwa na bwana mnene mwenye haraka. Nikamfuata hadi mlangoni. Mlinzi akataka kujua kwa nini namfuata mteja na kiberiti. Hapo lugha ilihitajika. Nikamweleza kila kitu: Mzee, jicho, miaka minne ya pazia, Jumamosi. Mlinzi akafuta pua. Bwana wa shati akasema yeye ni mkata tiketi za mabasi, ana nusu saa ya chakula, na babu yake naye alikuwa na jicho kama hilo. Twende.

Tukamkalisha kwenye kigoda dukani, mgongo kwa Mama Makopo, feni inampepea. Mama akachanganya akitazama mgongo. Nikamnunulia bwana soda. Tukacheka sana. Nikamwalika Jumamosi aje avushwe ng'ambo bure, mashine ikishakabidhiwa kwa mwenyewe, yaani mimi.

Ila kila Mama akikaribia, rangi inamkimbia. Mara buluu imekolea, mara imefifia. Akasema hajawahi kuona kitambaa kigeugeu vile. Mimi nikasema basi, inatosha, hiyo hapo ndiyo! Nikachukua kopo nikaondoka.

Kufika nyumbani, nimeshapaka upande mmoja wa kofia, ndipo akili ikaja na basi la jioni. Bwana yule alikuwa ameloa jasho. Feni ikamkausha. Sisi tulikuwa tunachanganya jasho.

Bwana Rula alipita. Akasema kofia inafanana na bendera ya nchi ambayo bado haijapata uhuru.

Mke wangu akaniambia kwa upole (mara moja kwa mwaka) kwamba Mzee hatajali, mradi aione. Namjua Mzee. Alipozidiwa na ukungu wa macho, alikuwa akienda bandani kuipapasa ile mashine kama mtu anayetafuta uso. Nimeona kwa macho yangu. Siwezi kumwekea mbele bendera.

Ijumaa, 10 Oktoba

Leo nimeinama.

Nilikwenda kwa mama mkwe asubuhi kuomba mafuta ya taa ya kusafishia mikono. Nikabisha mlango wa jikoni, nikasimama pembeni, macho chini, kama mkwe aliyelelewa. Akaniambia ningoje. Nikatoa kiberiti, nikakitazama kile kipande changu mara ya mwisho. Kikaniponyoka, nikakibana kwa kiganja kisianguke. Nikainua kiganja.

Kipande hakionekani.

Kipo, nakigusa. Lakini hakionekani! Kimelala juu ya mlango na mlango umekimeza. Rangi moja!

Mama mkwe akatoka na chupa, akanikuta naupapasa mlango wake. Nikaeleza, macho bado chini. Akacheka mpaka akashika kiuno. Akasema: “Mwanangu, wiki nzima unazunguka mjini na kofia kichwani, mbona hukuniuliza?” Mashine ilinunuliwa kijani, akasema. Lakini ng'ambo kote ni matete, kijani juu ya kijani, na yeye akichungulia dirishani haoni boti ipi ni ya mumewe. Anakesha na wasiwasi. Walipokarabati jiko rangi ya mlango ikabaki, na Mzee hatupi kitu. Akaipaka mashine. Tangu siku ile yeye alikuwa akiona mlango wake unakuja juu ya maji, anaweka sufuria motoni.

Nimekaa na maneno hayo.

(Kwa hiyo kijani. Sawa. Bwana Rula sitamwambia. Kumpa mtu kiburi bure ni kumharibu.)

Kopo la zamani lipo, limegeuka jiwe. Basi nikaomba ruhusa, nikachukua bisibisi, nikafungua bawaba, nikajitwika mlango. Watu wakauliza kama nahama. Mama Makopo alipouona akapiga makofi: sasa hicho ni kitu kikubwa. Tukajaribia mistari mitatu pale pale mlangoni. Safari hii akanizuia. Kweli! Akakalia kopo, akasema halitoki dukani hadi mstari ukauke juani. Nimekaa saa tatu nikitazama rangi ikikauka, mimi niliyezunguka dunia.

Mstari wa tatu ulikauka ukapotea mlangoni.

Nikarudi, nikauegemeza mlango ukutani, nikaingia bandani. Mama mkwe na mke wangu walikuwa wameshaondoka na basi kwenda kumchukua Mzee. Nimepaka polepole. Kofia, mguu, shingo. Mzuri jamani! Yaani mashine. Sijatoka bandani hadi magharibi. Kopo lilikuwa bado na robo, nikapaka na banda la kuku, kuku wafurahi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Asubuhi nikatoka na shairi langu la makabidhiano mfukoni. Nikatazama jikoni kwa mama mkwe. Mlango uko mahali pake, umenyooka, bawaba zimepakwa grisi.

Kijani!

Bwana Rula alikuwa amesimama karibu nao, brashi imeoshwa, amejaa fahari. Jana jioni alipita, akaukuta mlango wa mama mkwe ukutani una mistari miwili ya rangi ngeni, akajua nimeuharibu. Akaona aniokoe aibu. Alikuwa na kopo lake la kijani, alilinunua kwa siri kwa ajili ya mashine, nikishindwa. Akaumaliza mlango kabla giza halijaingia. Nikafungua mdomo nimtukane. Halafu nikakumbuka bandeji. Nikaufunga.

Basi likafika. Mzee akashuka na miwani myeusi, mama mkwe kamshika mkono. Hakusalimia mtu. Akaenda moja kwa moja bandani, akaivua miwani.

Akaizunguka mara moja. Kuku wakampisha.

Mama mkwe akamnong'oneza mke wangu kwamba mbona imepauka, nimefuatisha mlango wa sasa badala ya mlango wa zamani. Nikasikia. Kweli! Miaka yote hiyo ya jua! Hata mlango ulikuwa umestaafu!

Mzee akasema: “Imepauka wapi? Mama wee, inawaka!” Akasema ndiyo hasa, hivi hivi ndivyo ilivyokuwa, kumbe miaka minne ile haikuwa mashine iliyochakaa, ni yeye. Akaweka kiganja juu ya kofia. Akakiacha hapo. Mama mkwe akafunga mdomo, akatazama pembeni.

Kisha akageuka, akaona jikoni. Akauliza huo mlango wa nani. Bwana Rula akajieleza. Mzee akacheka hadi daktari angelalamika. Akasema hiyo ndiyo kijani ya mashine yake ilipotoka dukani, haijakosea hata chembe. Wakwe zake wamempakia mambo yote sawa, ila kila kitu mahali pa mwenzake.

Nikaona wakati umefika. Nikatoa shairi. Kabla ya ubeti wa kwanza Mzee akaomba mafuta. Nani kawaambia nagawa vitu, akasema, nimetibiwa jicho, sijatibiwa kufa. Tukaibeba mashine, mimi na Bwana Rula, tukaifunga nyuma ya boti. Mimi nikakabidhiwa kafi. Bwana Rula akakabidhiwa kopo la kutolea maji. Bwana wa shati naye akatokea, shati lingine, akakaa katikati kama bosi. Mzee akavuta kamba mara moja tu.

Tulipogeuza kurudi, nikatazama nyumbani. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Moshi ukaanza.

Jumapili, 12 Oktoba

Mama mkwe anataka mlango wake uwe buluu tena. Bwana Rula akasema twende kwa Mama Makopo na kofia ya mashine, tulinganishe, tungoje ikauke. Kopo la juzi? Nililimaliza kwa kuku.

Nimemwambia asijisumbue, mwanyumba. Sampuli ya nini? Rangi ninayo kichwani. Nimeshanunua kopo asubuhi hii, duka lingine, lisilo na maswali, na nimepaka mlango mzima. Umelala palepale! Unang'aa.

Sasa najinyoosha kidogo wakati unakauka.