Waigizaji wa Bure wa Nyololo

Jumatatu, 9 Juni 2025
Baridi. Ukungu haukuondoka hapa mtaani Soweto mpaka saa nne. Mpaka hapo sikutoka kitandani, lakini nilikuwa nafikiri, na kufikiri ni kazi.

Mchana nilipita saluni kwa Happy, nyota wa filamu yangu. Gideoni alikuwepo. Anapiga video za harusi hapa Mbeya na ana kamera ya kweli. Akaniuliza mbele za watu filamu imefikia wapi. Nikajibu tuko hatua za mwisho. Ukweli ni kwamba nina jina tu, Bwana Harusi wa Wawili, na ninalo tangu mwaka juzi.

Nimeapa kuanza wiki hii. Nimetazama video inayofundisha kuacha kuahirisha mambo. Ndefu. Nusu iliyobaki kesho.

Jumatano, 11 Juni
Ile video sijaimaliza, lakini nimepata wazo!

Shangazi Tekla amepiga simu kutoka Nyololo kunikumbusha sendofu, sherehe ya kumuaga binti yake Eveline kabla ya harusi, Jumamosi. Ukumbi umepambwa. Wageni kibao, wameshonewa sare, na kamati inawalisha. Filamu ya mtu asiye na pesa inahitaji nini zaidi? Nikamwambia nitapiga video ya shughuli bure, kwa mapenzi tu. Shangazi akalia. Kamati ilishamtaja Gideoni, sasa ataambiwa asije. Nimemshinda nikiwa ndani ya blanketi.

Mpango: Happy anaingia ukumbini akilia, anasema bwana harusi ni wake. Watu wanashtuka, narekodi kwa simu. Happy ameuliza kama Eveline anajua. Nimemwambia anajua. Nitamwambia.

Ijumaa, 13 Juni
Mimi na Happy tumefika Nyololo. Nilimkuta Eveline anasukwa, nikakaa karibu ili nimwambie. Akaanza yeye. Akanieleza jinsi alivyomwacha mchumba wake Silvester mwaka mzima kwa umbea wa watu, na jinsi mama yake Silvester alivyosema binti wa kuyumba namna hiyo hafai. Kumrudisha huyo mama kumechukua maombi mengi.

Nikaona si wakati mzuri, nitamwambia kesho. Asubuhi.

Jumamosi, 14 Juni
Asubuhi alikuwa anapambwa. Mchana alikuwa na wasimamizi wake. Halafu ukawa wakati wa keki.

Eveline alikuwa anamlisha keki mama mkwe wake, ndipo Happy akaingia. Sijawahi kuona kilio kama kile. Akamwita Silvester kwa jina, akamuuliza anamwacha wapi yeye na mtoto. Mtoto sikuwa nimemwandika.

Mshereheshaji akazima muziki. Mama mkwe akaacha kutafuna. Mjomba wa Silvester akasimama, akaanza kuwakusanya wenzake waliotoka Iringa waondoke. Shangazi Tekla akakaa chini sakafuni na kitenge chake kipya. Nilipaswa kusema. Lakini picha ilikuwa nzuri mno. Nikajiambia kidogo tu, mama mkwe ageukie kwenye mwanga.

Eveline akaweka sahani chini, akamfuata Silvester.

“Mara ya kwanza niliwasikiliza watu,” akasema. “Leo nakusikiliza wewe. Unamjua?”

“Simjui,” Silvester akasema.

“Basi. Nimesikia.” Akavuta kiti, akakaa ubavuni kwake, akamshika mkono.

Hapo Happy akaanza kulia kilio kingine, cha kweli, akaninyooshea kidole.

“Kaka Asukile, si uliniambia anajua?”

Wote wakanigeukia. Nikaeleza. Filamu ikieleweka vizuri kichwani, mdomoni inakuwa upuuzi. Mjomba alikuwa anavua koti ili anifikie. Nikatazama mlango ulipo.

Aliyeniokoa ni mama mkwe. Alianza kucheka polepole, mpaka akajifuta machozi. Akasema amekuja kutoka Iringa na hofu moja tu, kwamba binti huyu atamkimbia mwanawe kwa neno la kwanza la mpita njia. Sasa amejionea. Akamwita Eveline mwanangu, akaomba keki iliyobaki. Mjomba akarudi kwenye nyama yake. Shangazi akanyanyuliwa. Mimi nikapumua hadi miguuni.

Wazee wakanihukumu kuosha masufuria yote ya shughuli.

Jumapili, 15 Juni
Masufuria ya pilau. Maji ya Nyololo ya mwezi wa sita. Vidole sivisikii.

Eveline akanifuata jikoni, akataka nifute ile video akiona. Nikafuta. Akaniletea chai, akasema alikuwa anamwogopa yule mama kuliko ugonjwa, na leo asubuhi mama huyo ndiye aliyempigia simu kuuliza kama amelala vizuri. Kisha akasema nisirudie. Nikaapa. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyeshushwa salama kutoka juu ya paa.

Jumanne, 17 Juni
Nyumbani. Video ya harusi kapewa Gideoni. Happy haongei na mimi.

Nimekaa nimelitafakari kosa langu, na nimelijua: nilichagua ndugu. Ndugu wana hisia nyingi. Jumapili kuna kipaimara Mgololo. Kanisa litajaa, maua yatakuwepo, kwaya itakuwepo, na hakuna hata mmoja anayenijua. Nahitaji mtu mmoja tu wa kuzirai madhabahuni na kudai ametoka kuzimu.

Padri ataelewa. Kusamehe ndiyo kazi yake.