Vanishi Yangu na Makopo Mawili

Jumatatu, 3 Juni
Binti yangu mkubwa, seremala kama mimi, kapiga simu kutoka mji wa pili. Kapata milango ya hoteli. Mwenye hoteli anataka ing'ae kama yangu, mwisho Ijumaa, la sivyo kazi inakwenda kwa mwingine. Anaomba siri ya vanishi. Kwenye simu? Thubutu. Shemeji yangu, dereva wa lori, anakaa ukuta wa pili, masikio marefu kuliko lori lake. Siri sijaiandika popote. Naiimba nikikoroga, basi.

Mjukuu anasoma fizikia chuo kikuu. Kasema wao hutuma siri kwa chembe za mwanga. Ukizichungulia njiani zinabadilika, unajulikana. Tena huigawa kwa wawili, mmoja peke yake haambulii kitu. Nikamwambia hayo niliyajua mama yake hajaota meno.

Jumanne, 4 Juni
Nimewapiku wa chuo. Kopo la kwanza: sandarusi iliyosagwa, juu yake nta. La pili: udongo mwekundu, juu yake masizi. Unene wa tabaka ndio kipimo. Mdukuzi akitia kidole, vinachanganyika, siri imekufa. Moja kwa shemeji, jingine kwa fundi cherehani jirani yetu, wampelekee binti. Hawasalimiani tangu wagombanie kamba ya kuanikia nguo. Siwaamini wote wawili. Ndiyo raha yake.

Jumatano, 5 Juni
Wameondoka na lori moja, kila mtu anatazama dirisha lake. Kabla ya hapo nilitia kidole kwenye makopo kuhakikisha hakuna aliyetia kidole. Salama. Nikarudia, kwa uhakika.

Alhamisi, 6 Juni
Binti kapiga simu: makopo yamefika vurugu tupu. Nikamwita shemeji mwizi, na fundi mwizi mwenziwe. Mjukuu kauliza nani mwingine aliyagusa. Mimi tu, mwenye mali. Kacheka mpaka kakaa chini. Eti babu, mwanga haujui kidole cha mwenyewe. Basi hauna adabu.
Binti hakucheka. Kasema sawa, baba, akakata simu. Jioni sikuimba.

Ijumaa, 7 Juni
Milango inang'aa. Kazi ni ya binti. Shemeji na fundi wamemwimbia vipimo vyote, mmoja akianza mwingine akimalizia. Eti mtaa mzima unaujua wimbo, watoto wanaurukia kamba. Shemeji kaniita redio isiyozimwa.
Wivu huo.

Jumamosi, 8 Juni
Vanishi mpya. Siri mpya, kufuli mpya mlangoni. Wimbo wake nimeutunga nisisahau, mtamu kuliko wa kwanza. Nimeujaribu uani kwa sauti kamili. Fundi cherehani kaomba nirudie ubeti wa pili. Nikaurudia. Sauti bado ninayo.