Jinsi Nilivyozeesha Winchi za Nahodha

Jumatatu, 4 Agosti

Msiba! Mke wangu katangaza jikoni, huku akikausha sahani kwa mkono wa kushoto, kwamba Jumapili atapandisha tanga la mashua yetu kwa mikono yake mwenyewe. Akishindwa, mashua inauzwa. Kisha akaenda kumwagilia maua, kana kwamba kasema chumvi imekwisha.

Bega lake la kulia si zima tangu aanguke kutoka kwenye stuli akifuta feni. Nilimwambia mimi nitapandisha tanga, yeye akae kwenye usukani kama kawaida. Akaniuliza kama yeye ni gunia la viazi hata apakiwe na kushushwa.

Mashua ni kuukuu, tuliinunua kwa mtu aliyekuwa ameichoka. Lakini humo ndani yeye ndiye Nahodha na mimi ni baharia wake, mpishi wake na mtupa nanga wake. Miaka yote hii nimekaa nyuma yake nikitazama kisogo chake kikigeuka kuutafuta upepo. Nakipenda kisogo kile. Sitaki kukitazama mbele ya televisheni.

Na mnunuzi keshajitokeza! Jirani yetu gatini, daktari wa meno mstaafu, anaitaka mashua ampe mkwewe. Jana nimemkuta ndani akipima kitanda chetu kwa futi. Kitanda chetu! Kaniambia kwa adabu kwamba mkwewe ni mrefu. Simpendi mtu huyu.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata njama. Nzuri mno, hata nimejipongeza kwenye kioo.

Tanga hupandishwa kwa winchi, lile gurudumu la chuma lililofungwa kwenye mlingoti. Unaizungushia kamba, unachomeka mpini juu, unazungusha, tanga linapanda. Zetu ni mbili, ndogo, ngumu, zinalalamika kuliko mimi. Sasa, Fundi wa mashua kabomoa mashua ya watu na kabaki na winchi mbili kubwa, laini, zenye meno mengi ndani. Zinashika kamba zenyewe. Fundi kanionyesha: mkono mmoja unazungusha, mwingine umeshika kikombe cha chai. Hakumwaga hata tone.

Nahodha akijua nimemwekea winchi nyepesi kwa kumhurumia, ataniuza mimi pamoja na mashua. Kwa hiyo hatajua. Nitazibadilisha chini kwa chini. Jumapili atazungusha, tanga litapanda, atadhani bega limepona. Hakuna atakayeumia!

Fundi kakubali kubadilishana na baiskeli yangu. Nyumbani nimesema baiskeli ina pancha.

Jumatano, 6 Agosti

Kazi ya kufunga winchi inaonekana rahisi ikifanywa na mtu mwingine.

Nilifungua moja niipake grisi. Fundi alikuwa amenionya nifungue taratibu. Nikafungua taratibu kwa haraka. Springi ndogo, nyembamba kama unywele, ikaruka, ikagonga paji la uso wangu, ikapotelea chini ya sakafu kwenye maji machafu. Bila springi hiyo winchi inarudi nyuma na mpini unakuvunja mkono. Nikalala kifudifudi nikipapasa uchafu wa wenye mashua wote waliotutangulia. Nimepata kijiko, kifungo, na kitu kilicholainika ambacho sikukichunguza.

Daktari wa meno akachungulia. Akauliza nimepoteza nini. Nikajitia hamnazo, nikasema nafanya mazoezi ya mgongo. Akaondoka, akarudi na kioo chake cha mdomoni, kile chenye mkono mrefu, na koleo ndogo. Akaniambia nifungue zaidi. Nikafungua mdomo. Akasema sakafu. Springi akaipata mara moja.

Ilibidi nimweleze siri. Akanitazama sana, akasema hatasema neno. Yule yule aliyekuwa akikipima kitanda chetu! Bado simpendi, ila leo nimempunguzia chuki.

Winchi ya kwanza niliifunga upande usio wake, ule mkono wake wa kushikia kamba ukaelekea baharini. Fundi kaja kuigeuza. Alisema maneno ambayo sitayaandika.

Alhamisi, 7 Agosti

Tatizo: zinang'aa. Mtu haoni mlingoti, anaona winchi tu.

Basi leo nimezizeesha. Nimezisugua kwa siki na chumvi, nikapaka majivu, nikazifunika kwa majani ya chai yaliyoloa. Kufikia mchana zilikuwa zimezeeka kunishinda. Fundi alipopita alishika kichwa. Kasema watu humlipa ili afanye kinyume chake.

Fundi kaniongezea kamba mpya na makapi, yale magurudumu madogo ya kupitishia kamba juu ya mlingoti. Makapi hayaonekani kutoka chini, hayo nimeyaacha. Lakini kamba mpya ni nyeupe pepepe. Nimezichemsha kwenye chai ya rangi. Sasa zina rangi ya kamba zilizoona mengi. Sufuria la Nahodha la wali limekufa. Nimelificha chini ya kitanda.

Tatizo la pili: ukubwa. Hili nimelitatua kwa akili tupu. Nimenunua ndoo kubwa sana na kuiweka karibu na mlingoti. Ukiangalia ndoo kwanza, halafu winchi, winchi inaonekana ndogo. Nimejaribu mara kadhaa. Inafanya kazi, hasa ukifumba jicho moja.

Jumapili, 10 Agosti

Loo! Loo!

Nahodha alipanda mashuani. Niliona alivyokuwa akilifinya bega kwa siri. Akauliza ndoo hii ya nini. Nikasema ya samaki. Akauliza samaki gani, papa? Nikacheka sana, kuliko mzaha wenyewe ulivyostahili.

Akashika mpini. Akafumba macho. Akazungusha. Tanga likapanda! Likapanda laini, bila kukwama, hadi juu kabisa. Akasimama akilitazama kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Kisha akanishika mashavu kwa mikono yote miwili, wa kulia pia, akasema limepona. Bega limepona. Machozi yakamtoka, ya kwangu nikayasingizia upepo.

Tumekwenda mpaka kwenye boya jekundu na kurudi. Kisogo kilikuwa mahali pake. Kamwambia daktari wa meno kwamba mashua haiuzwi tena. Daktari kampa hongera, kanitazama mimi, kaenda zake.

Mimi ni mtu hatari. Akili kama hii ingekuwa serikalini!

Jumanne, 12 Agosti

Kuna jambo dogo. Nahodha kamwambia mwalimu wake wa mazoezi ya viungo asije tena. Kasema mtu mzima hahitaji kunyooshwa. Asubuhi kahamisha kabati la vyombo peke yake. Nikasema pole pole mke wangu. Akasema nisimfanye mzee.

Nitafikiria la kufanya kesho.

Jumatano, 13 Agosti

Mambo yamekwenda mrama.

Leo daktari wa meno alikuwa akihangaika na tanga lake, mgongo umemkaza. Nahodha akaruka kwenda kumsaidia. Nilikuwa chini ndani ya mashua yetu nikikaanga mayai, sikuona. Winchi za daktari ni za zamani kama zilivyokuwa zetu, huzing'arisha kila siku lakini hajazibadilisha. Daktari anasema alijaribu kumzuia. Nahodha akamwambia asogee aone.

Nusu mzunguko tu. Nilisikia sauti yake huku chini. Nikaacha mayai yaungue.

Alirudi amelishika bega. Hakunitazama. Akaenda moja kwa moja kwenye mlingoti, akasugua winchi kwa kidole gumba, akakilamba kidole. Siki. Akaitazama ile ndoo, kisha mimi, kisha ndoo tena. Nilitamani kuingia ndani ya ndoo. Ningeenea.

Hakunifokea. Angenifokea ningefurahi.

Alhamisi, 14 Agosti

Nahodha kaniwekea chai mezani bila kuniita. Mwalimu wa mazoezi karudi, nimemsikia akimuuliza nani aliyemshauri aache. Nahodha akajibu kwamba hakuna. Kanifichia aibu yangu! Nimejisikia mdogo, sina hata pa kujiweka.

Baadaye akaja kukaa nami kibarazani. Akasema winchi hazimuudhi. Kinachomuuma ni zile siku tatu. Alikuwa akiamka akilinyanyua bega na kushukuru, akipanga safari, akidhani mwili wake umemrudia. Nilimpa bega ambalo halikuwa lake, kisha likachukuliwa mbele ya daktari wa meno. Alilia kidogo. Mimi nililia zaidi, hata akalazimika kunibembeleza, jambo ambalo halikuwa sawa kabisa.

Nikamwambia ukweli. Niliogopa. Mashua ikiuzwa, yeye angekuwa wa kukaa tu, na mimi sijui kuishi na Nahodha asiye na pa kwenda. Nikasema nampenda akiwa na bega moja, mawili, au hata bila. Akasema niache kutia chumvi. Lakini akaulaza mkono wake juu ya wangu, ule wa kulia.

Kisha akauliza sufuria lake la wali liko wapi.

Ijumaa, 15 Agosti

Amri ya Nahodha: winchi zisuguliwe mpaka zing'ae. Kama atatumia winchi kubwa, gati zima lione ni kubwa. Hatajificha nyuma ya majivu yangu.

Nimesugua tangu asubuhi. Siki yangu ilifanya kazi nzuri kupita kiasi, haitoki. Yeye alikaa kwenye kiti cha turubai, miguu kwenye ile ndoo, akinionyesha mahali nilipoacha doa. Daktari wa meno akaleta dawa yake ya kung'arishia na mswaki mpya. Akanifundisha: pole pole, kwa kuzungusha, kila pembe. Nahodha akacheka hadi akashika mbavu. Sijasikia kicheko kile tangu aanguke.

Kisha akaniapisha. Nisimfiche tena jambo lolote linalohusu nguvu za mwili wake. Lolote. Nikashika mlingoti, nikaapa. Nimeapa kwa moyo wote, na naandika hapa ili iwe imara: sitafanya tena.

Jumapili, 17 Agosti

Siku njema kuliko zote. Winchi ziling'aa hata watu wakawa wanakinga macho. Nahodha akasimama mbele ya wote, akasema kwa sauti kwamba bega lake bado ni bovu na hii ndiyo winchi yake, kisha akaanza kuzungusha.

Katikati alichoka. Akapumzika. Nikanyoosha mkono. Akanitazama. Nikaurudisha mkono mfukoni. Akavuta pumzi, akaendelea, pole pole, mpaka juu. Daktari wa meno alipiga makofi. Mimi sikuweza, macho yalikuwa yamejaa.

Tulipita boya jekundu, tukaendelea mbele zaidi. Akaniuliza bila kugeuka kama nimeshiba. Nikasema ndiyo. Sikuwa nimekula kitu.

Lakini ile nusu ya pili ilimtoa jasho, nililiona likimtiririka shingoni. Hivyo tuliporudi nimepita kwa Fundi mara moja tu, kusalimia. Ana mota ndogo ya umeme. Inafungwa chini ya sakafu, haionekani kabisa, inamsaidia mtu kuzungusha winchi bila yeye mwenyewe kujua. Fundi kanikumbusha kiapo, maana gati zima linakijua. Nikamweleza kwamba kiapo kilihusu bega, hii ni sakafu. Akasema pia mota inanguruma, Nahodha ataisikia tu. Nimemwambia asitie shaka, wakati tanga linapanda mimi nitakuwa ninaimba.