Hakuna Anayemtaka Tumaini la Norma?

Jumatatu, 4 Agosti

Wa mwisho tena! Uwanja wa Ripon, jua kali, watu tele, na farasi wangu kaja nyuma ya wote huku akitazama maua. Hizi ni mbio za tambarare. Hakuna hata kiunzi cha kumkwaza, bado kajikwaa.

Kosa langu ni jina. Nilipomnunua nilimwita Tumaini la Norma ili mke wangu asinune. Sasa kila wiki mtangazaji anaiambia Yorkshire nzima kwamba Tumaini la Norma yuko mkiani, na Norma anasikia yote redioni huku akipiga pasi. Leo kasema basi. Jumamosi ashinde mbio za Thirsk, la sivyo anauzwa. Akaongeza kwamba ningempa jina la mama yangu tungeishi kwa amani.

Jumanne, 5 Agosti

Nimekwenda kwa Bi Thackray, anayemfunza Tumaini. Mama yule hana maneno ya asali. Kasema Thirsk kuna mbio moja tu dhaifu ya kumfaa, ile ambayo mshindi anapigwa mnada palepale, jasho halijamkauka. Nikauliza: kwa hiyo akishindwa anauzwa na Norma, akishinda anauzwa na dalali? Kasema ndiyo, leo nimeelewa haraka kuliko kawaida yangu.

Nimerudi nyumbani. Nampenda yule farasi! Ananijua. Akiniona tu anatafuna kofia yangu. Na jirani yangu Clive Sugden, mwenye farasi watatu ambao hushinda, anammezea mate tangu Aprili. Husema waziwazi kwamba ni farasi mzuri aliyeangukia mikono mibaya.

Baadaye: Nimepata! Ashinde, lakini asitakiwe na mtu. Asipotokea wa kutaja bei, farasi anarudi na mwenyewe. Kinachohitajika ni uvumi mdogo tu.

Jumatano, 6 Agosti

Baa. Nimemvuta Clive pembeni nikamnong'oneza, nikimsihi asimwambie mtu, kwamba jicho la kushoto la Tumaini si zima. Kasikitika sana. Kaninunulia bia. Karibu nilie kwa jinsi nilivyoongopa vizuri.

Alhamisi, 7 Agosti

Uvumi unakimbia kuliko farasi wangu. Asubuhi kinyozi kanipa pole kwamba Tumaini amepofuka macho yote. Nikamwambia, hapana bwana, ni moja tu. Muuza samaki kasikia na moyo una hitilafu. Mchana mke wa Clive kaleta pai ya rambirambi! Norma kauliza nani kafa. Nikasema watu wa mtaa huu wana upendo tu. Pai ilikuwa na nyama nzuri.

Kisha simu ya Bi Thackray. Anafoka! Joki kajitoa, kasema ana watoto wadogo, hapandi kipofu. Mama anamtafuta mpumbavu aliyeanzisha maneno haya amng'oe masikio. Nikamwambia kweli kabisa, watu siku hizi hawana haya.

Ijumaa, 8 Agosti

Joki kapatikana. Mzee Lomax, ambaye wenzake wote walishastaafu. Alipoambiwa habari za jicho alicheka, kasema hata yeye haoni vizuri, basi watasaidiana.

Mvua imeanza. Inamwaga! Bi Thackray hafoki tena. Kasema siku zote aliniambia Tumaini anapenda matope. Huenda aliniambia. Sikuwa nasikiliza.

Jumamosi, 9 Agosti

Norma kaja mwenyewe, na chupa ya chai na ile kofia ya harusi ya dada yake, ili amuage farasi kwa heshima. Sikubeti hata senti. Mimi niliyelitunga lile jicho nilishaanza kuwa na wasiwasi nalo! Nilikwenda bandani kulichungulia.

Farasi wakaachiwa. Wengine wote wakatanuka nje kutafuta ardhi kavu. Lomax kang'ang'ania uzio mweupe wa ndani. Baadaye kaniambia ndicho kitu pekee alichokiona. Njia fupi, matope mpaka magotini, na Tumaini anaogelea kwa raha zake! Mtangazaji akapasua koo: Tumaini la Norma! Ni Tumaini la Norma! Norma kanikaba shingo kwa furaha nikakosa pumzi.

Kisha mnada. Dalali kauliza nani anaanza. Hakuna mkono uliopanda. Clive kaangalia viatu vyake, mtu mwungwana. Moyo wangu ukaanza kurudi mahali pake. Dalali kauliza tena, kwenye kipaza sauti: jamani, hakuna anayemtaka Tumaini la Norma? Watu wakacheka. Kaangusha bei, karudia: hata kwa bei hii, kweli hakuna anayemtaka Tumaini la Norma?

Mkoba ukapaa juu kando yangu. Norma! Uso mwekundu kama bitiruti ya achari. "Mimi namtaka! Na wewe ukilitaja tena jina langu kwa mzaha, utanitambua!"

Nyundo ikagonga kabla sijamziba mdomo.

Tumenunua farasi wetu wenyewe. Sijali! Nimelia shingoni kwa Tumaini naye katafuna kofia ya harusi. Norma kamwachia tu aitafune. Tumaini haendi kwa Clive, haendi popote. Sijapumua hivi tangu masika.

Jumatatu, 11 Agosti

Dosari moja. Kwa karatasi za mnada, mwenye farasi ni Norma. Kasema sasa yeye ndiye mpangaji wa mbio, Lomax ndiye joki, na mimi ni wa ndoo. Clive kaja kupongeza. Kalitazama jicho la Tumaini, kisha kanitazama mimi, muda mrefu. Akamwambia Norma kwamba siku atakayomchoka farasi huyu, amwite tu. Norma kasema hamchoki ng'o.

Lakini ni farasi wangu! Na njia ni rahisi. Akimwona hana thamani, ataniachia mimi kwa bei ya chee. Kwa hiyo wakati wa chai nimemnong'oneza, nikimsihi asimwambie mtu, kuhusu hitilafu ya moyo wa Tumaini.

Kashtuka kweli. Kaenda sebuleni, kafunga mlango, anapiga simu kwa sauti ya chini. Nimesikia jina la Clive. Bila shaka anamwomba namba ya daktari wa mifugo. Nimetulia kabisa.