Mchoraji Aliyehamia Chumba cha Uani

Jumatatu, 4 Machi
Programu yangu ya simu imefunguka bila kukwama! Wasanii wa ng'ambo wanatuma kazi, wateja wa hapa wanalipa, mimi nakata changu katikati. Mteja wa kwanza ni Mwalimu Mkuu, anataka katuni ya kufundishia hesabu kabla ya Ijumaa kuisha. Ijumaa hiyohiyo Dada anachukua chumba chake cha uani ninacholala aweke cherehani, isipokuwa nimwonyeshe mteja mmoja aliyelipa. Mmoja! Ananidharau huyu.

Shangazi, mhasibu, kauliza mkataba uko wapi. Tena kasema msanii asiye mkazi wa nchi hii lazima nimkate kodi kabla ya kumlipa, niipeleke serikalini. Nimkate vipi? Mchoraji wa katuni, wa ng'ambo huko, nimeshamwahidi hela kamili! Kasema basi itatoka mfukoni mwangu. Anapenda kuharibia watu siku.

Jumanne, 5 Machi
Nimeamka na jibu! Kama shida ni kwamba mchoraji si mkazi, si awe mkazi tu? Kwenye fomu ya ofisi ya kodi nimejaza anwani yake: kwa Dada, chumba cha uani. Kahamia kwa kubofya mara mbili, hata begi hana.

Mkataba nao tayari. Nimechukua wa mlinzi wa kiwandani kwa Shemeji, nikafuta "mlinzi", nikaweka "mchoraji". Dakika nne! Mawakili wanatuibia mchana kweupe.

Jumatano, 6 Machi
Mchoraji kasaini! Kauliza tu kifungu cha sita: azunguke ua wa nani mara tatu kila jioni, na tochi? Nimemjibu azunguke wa kwake. Muungwana kweli, kakubali.

Shangazi kausoma. Kauliza ni wapi panaposema katuni itakuwa mali ya nani. Nimemwonyesha kifungu cha sare: sare ni mali ya mwajiri. Kashika kichwa. Wivu huo.

Alhamisi, 7 Machi
Balaa! Bwana wa ofisi ya kodi kaja kumwona mkazi mpya. Dada kamwambia uani hamna mtu ila mdogo wake, na huyo naye anahesabiwa siku. Nikadakia kuwa mchoraji katoka kidogo. Bwana kasema atamsubiri. Kasubiri saa tatu nzima! Lango likilia tu, anasimama na kalamu yake. Mwishowe nikakiri. Kafuta fomu, kaniandikia faini, na kodi iko palepale.

Ijumaa, 8 Machi
Mchoraji kaleta picha tatu: yeye, tochi, ua wake. Kasema kazi iliyomo mkatabani kaifanya, na kuchora hakumo. Kwa hiyo katuni ni yake, na keshamuuzia Mwalimu Mkuu moja kwa moja. Namba ya simu ya Mwalimu niliiandika mwenyewe kwenye mkataba, upendeze! Shangazi kawaandikia mkataba mpya, kodi kaikata sawasawa, wote wanacheka.

Nimeumia, sifichi. Dada kaingiza cherehani. Shuka zangu kazikunja vizuri kabisa, na hapo ndipo machozi yalinilengalenga.

Jumamosi, 9 Machi
Niko kwenye kochi la Shangazi. Kanipokea kwa sharti moja: nisiguse tena fomu ya serikali. Nimeapa mbele yake.

Lakini jamani! Nimempata mpiga gitaa wa ng'ambo, moto wa kuotea mbali, na mwenye hoteli anamtaka wiki ijayo! Na kosa langu nimeligundua: chumba cha uani kilikuwa kidogo mno, nani angeamini? Shangazi ana vyumba vitatu. Nimemhamishia mpiga gitaa hapa asubuhi hii, yeye na mkewe.