Kinga ya Perege

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe amechoka kufuga samaki. Bwawa moja kaniachia mimi, la pili kampa shemeji, kaka wa mke wangu. Jumapili anakuja na bwana samaki, yule afisa wa ufugaji. Mwenye perege wenye afya zaidi anachukua yote mawili. Shemeji keshaanza kutembea kama mwenye mali! Bwana samaki katushauri tuchanganye kitunguu saumu kidogo kwenye chakula, kinaongeza kinga. Kidogo! Hajui nashindana na nani.

Jumanne, 4 Machi
Nimetwanga vitunguu saumu vyote vya nyumbani. Nikaongeza tangawizi, mlonge, na mwarobaini wa kutia ukali. Machozi yamenitoka. Dawa ya kweli hiyo! Mke wangu kauliza leo atapikia nini. Nikamwambia sayansi inadai kujitoa. Kanitazama, kafuta macho. Nimemgusa.

Jumatano, 5 Machi
Perege wamekuja, wamenusa, wamegeuka. Wanatafakari. Shemeji kachungulia, akauliza nafuga samaki au naunga mchuzi. Wivu mtupu.

Alhamisi, 6 Machi
Bwawa linanuka kama jikoni. Perege wote juujuu, midomo nje. Mke wangu anadai wanakosa hewa. Nikamweleza kwamba wanashukuru. Mara mmoja akaelea ubavu juu. Huyo tangu zamani hakuwa na bidii. Mke wangu kaninyang'anya ndoo, kasema nikapumzike, dawa ataishughulikia yeye. Hatimaye ameamini!

Jumamosi, 8 Machi
Maajabu! Maji yametakata, perege wanarukaruka. Nimepita kwa shemeji makusudi, kumpa pole mapema.

Jumapili, 9 Machi
Bwana samaki kasema perege wangu hawana mfano. Nikakohoa, nikaanza kuufafanua mwarobaini. Mke wangu kanikatiza, mbele ya mama yake! Eti alibadilisha maji, akawapa chakula cha kawaida na kitunguu saumu kijiko kimoja, tena cha kuomba kwa shemeji. Dawa yangu yote kaifukia kando ya bwawa. Mama mkwe kamkabidhi bintiye mabwawa yote mawili papo hapo. Shemeji kacheka mpaka kakaa chini.

Wacheke. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza: dawa ilifukiwa lini? Alhamisi. Samaki walipona lini? Baada ya Alhamisi! Imepenya ardhini! Inatibu bila hata kuliwa!

Kesho nachimba shimo la pili. Mwarobaini mara mbili.