Bibi wa Taa Aachishwe Kazi

Mama Mwelu,
Umoja One, nyuma ya soko,
Nairobi.

Kwa Mkurugenzi,
Kampuni Iliyotengeneza Mchezo wa "Ghuba ya Ukungu",
Popote Mlipo.

Ndugu Mkurugenzi,

KUH: MUME WANGU KUWA NA BIBI NDANI YA MCHEZO WENU

Pokea salamu kutoka Umoja, ambako sisi tu wazima ila kwa hayo nitakayoyaeleza. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama kanisani kwetu, kwa hivyo barua za malalamiko nimeziandika nyingi, za maji taka, za kelele, hata ya jogoo wa jirani, na zote zilikuwa na adabu. Hii nayo nitajitahidi.

Kwanza nikueleze tulivyofika hapa, usije ukadhani mimi ni mtu wa kutafuta maneno. Mume wangu, Mbaluka, amekuwa dereva wa basi la masafa marefu maisha yake yote, Nairobi hadi Mombasa na kurudi. Mwaka jana daktari alimwambia kwamba presha yake na usukani haviwezi kukaa pamoja tena. Akarudisha funguo za basi, akaketi kwenye kiti kilicho kando ya dirisha, akanyamaza. Ukimwuliza kama atakula, anasema "sawa". Ungemwambia nyumba inaungua, angesema "sawa". Na huyu ni mtu aliyekuwa na uwezo wa kusimulia safari moja wiki nzima, pamoja na abiria wake wote na mizigo yao. Mimi nilikuwa nimezoea kuwa peke yangu akiwa safarini. Sikuwa nimezoea kuwa peke yangu naye akiwa sebuleni, na hilo liliniuma sana.

Ndipo binti yetu Mwelu alipoleta mashine ya gemu, akaichomeka kwenye televisheni na kumwekea baba yake mchezo wenu. Aliniambia, "Mathe, wacha stress. Hii ni gemu ya kuvua samaki tu, ya kuchill. Buda atatulia." Akabadilisha maandishi yote yakawa ya Kiswahili ili mzee asisumbuke, kisha akarudi kwake mtaa wa Huruma na kutuachia balaa.

Najua mchezo ni wenu, lakini nataka mjue unavyoonekana mtu akiwa ameketi kwenye kochi la Umoja. Kuna mashua kuukuu yenye injini inayokohoa. Asubuhi unatoka gatini, unavua, na mchana kunakuwa na utulivu wa kupendeza, ndege wanalia, muziki unabembeleza. Mimi mwenyewe niliwahi kusinzia na kisu cha kukatia sukuma wiki mkononi. Lakini jioni ya mchezo ikiingia, ukungu unashuka, muziki unabadilika, na vitu vinaanza kutembea chini ya mashua. Mbaluka husoma kwa sauti kila neno linalojitokeza kwenye kioo, kama alivyokuwa akisoma vibao vya barabarani, kwa hiyo hata nikiwa jikoni hakuna kinachonipita. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mvua yenu ni ya uongo. Siku moja nikiwa jikoni nilisikia mvua imeanza, na radi juu yake. Nikatoka mbio, nikaanua nguo zote kwenye kamba. Wapangaji wenzangu waliponiona nikianua nao wakaanua, kwa sababu hapa kwetu mtu haulizi, anaanua. Jengo zima tukasimama uani tumekumbatia mashuka mabichi, jua likitupiga utosini. Tangu siku hiyo sina heshima kambani. Wiki iliyopita mvua ya kweli ilinyesha, nikaita watu, wakaniambia hiyo ni televisheni ya kina Mbaluka, na nguo zao zikaloa. Naomba mvua yenu iwekewe alama ya kuitofautisha na ya Mungu.

2. Samaki wenu wametuharibia Ijumaa. Sisi ni Wakamba. Samaki tulimzoea hapa mjini, na tulikuwa tumemzoea vizuri. Kila Ijumaa nilinunua tilapia kwa Mama Nabiswa anayekaanga kando ya barabara. Lakini katika mchezo wenu, ukungu ukishuka, samaki wanapanda wakiwa na meno ya watu. Mmoja alikuwa na jicho tumboni, na likapepesa. Mbaluka aliweka kidude cha kuongozea chini, akafuta miwani, akatazama tena, nalo likapepesa tena. Ijumaa iliyofuata alinisindikiza hadi kwa Mama Nabiswa, akawasha tochi ya simu na kuanza kukagua samaki midomoni mmoja mmoja mbele ya wateja. Mama Nabiswa akamwambia, "Mzee, hapa si kwa daktari wa meno. Nunua ama usonge, watu wako na njaa." Siku hizi Ijumaa tunakula ndengu, na ndengu nazo anazichungulia kwanza.

3. Kiswahili chenu kina matatizo. Aliyewatafsiria nadhani ni mtu wa pwani aliyesoma sana, na sina ubaya naye. Huenda kwao mshipi ni uzi wa kuvulia. Hapa kwetu mshipi ni wa suruali, na kwa dereva ni ule wa kiti cha gari. Sasa kila samaki akinasa, kioo kinaandika "Kaza mshipi", naye Mbaluka anakaza mshipi. Samaki akiwa mkubwa, kinaandika "Kaza zaidi". Ametoboa tundu jipya kwa msumari na anapumua kama mtu aliyepanda ghorofa sita na mtungi wa gesi. Mwelu alimpigia simu kumweleza maana yake, akajibiwa kwamba hakuna dereva mwenye akili anayeondoa chombo bila mshipi.

4. Mume wangu anaendesha mashua yenu kama basi, nanyi hamjafanya lolote kumzuia. Kabla ya kuondoka gatini anauliza, "Huko nyuma mko sawa?" Huko nyuma kuna ndoo ya chambo. Anapiga honi kwenye kona, na bahari haina kona. Halafu kuna kile kitu chenu kirefu, cheusi, kinachotokea ukungu ukiwa mzito. Mwelu anasema vijana wakikiona wanatupa kidude na kukimbia. Mbaluka hakuogopa meno yake. Alikasirika. Alisema, "Ona huyu. Giza, ukungu, na hana hata taa moja ya nyuma." Akakimulika mara mbili, akasogea kushoto, akakiachia njia, na kitu chenu kikapita zake kwa adabu. Kisha akaanza kusimulia jinsi alivyokutana na lori la namna hiyo karibu na Mtito Andei, na alisimulia mpaka chai ikapoa. Sikatai kwamba ameanza kuongea. Shida yangu ni kwamba hakunisimulia mimi. Alimsimulia Wachira, jirani yetu mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye siku hizi anakuja na kiti chake mwenyewe.

5. Sasa nifike kwenye jambo lililoniketisha hapa. Gatini mwenu mmeweka mwanamke aliyejitanda shuka, na jioni mashua inaporudi yeye huinua taa na ukungu unampisha. Mmemwita Bibi wa Taa. Mbaluka, dirisha likiwa wazi, alisoma kwa sauti yake ile ya kuita abiria: "Bibi anakusubiri gatini." Mkurugenzi, pengine huko kwa mtafsiri wenu bibi ni mwanamke yeyote wa heshima, au ni nyanya ya mtu. Hapa kwetu Eastlands bibi ni mke, na mke ni mimi, na mimi nilikuwa jikoni. Wachira alikuwa akipanda ngazi. Kufikia Jumapili kanisa zima lilijua kwamba Mbaluka ana bibi wa pili, mtu wa pwani, na kwamba ndiye sababu ya zile safari zote za Mombasa. Katika kikao cha akina mama nilifanyiwa maombi maalum, na kwa kuwa katibu ni mimi, nikaandika kumbukumbu za maombi hayo kwa mkono wangu mwenyewe.

Hayo ningeyavumilia. Nisichoweza kuvumilia ni jinsi anavyomtunza. Kila akifunga mashua anazima injini na kusema, "Asante kwa taa." Kila jioni, bila kusahau. Miaka yote aliyokuwa barabarani nilimwachia balbu ya nje ikiwaka, sikuizima mpaka nisikie viatu vyake kwenye ngazi, na nilichoambiwa ni kwamba bili ya stima imepanda. Sasa anamshukuru mwanamke ambaye nimemchunguza vizuri na hana hata miguu, ameishia kwenye ukungu. Mimi jina langu tu sijalisikia mdomoni mwake tangu Mwelu azaliwe. Ni Mama Mwelu kwake, kwa majirani, kwa muuza mboga. Nthoki ni mtu anayeitwa hospitalini, na hata akiitwa nakawia kuitika. Ndiyo desturi yetu, silalamikii desturi. Nasema tu kwamba nina wivu, na nimeuandika hapa bila kuupaka rangi.

6. Kanisa lilituma wazee, wakiongozwa na Mzee Thuo, waje kumwonya Mbaluka kuhusu nyumba ndogo. Niliwapikia chai. Mzee Thuo alifungua kwa sala, akauliza, "Huyo bibi yuko wapi?" Mbaluka akawasha televisheni, akawaonyesha. Nilipoleta mkate, Mzee Thuo alikuwa ameshika kidude na wenzake wawili walikuwa wakimwelekeza kwa sauti za juu. Kitu kirefu kikatokea. Mzee Thuo alikikemea kwa Jina la Bwana, kisha akazama, kwa sababu hakusogea kushoto. Wamesema kesi ni nzito na hawawezi kuamua kabla ya kufanya uchunguzi. Wanakuja kuchunguza Jumanne na Alhamisi baada ya chakula cha mchana. Chai ya uchunguzi napika mimi.

Kwa sababu hizo sita, naomba kwa unyenyekevu mkubwa mchezo wenu urekebishwe. Ukungu uondolewe wote. Samaki wang'olewe meno. Kitu kirefu kifungwe taa za nyuma, na hapa mume wangu ananiunga mkono. Na huyo Bibi wa Taa aachishwe kazi leo, bila notisi, pahali pake pawekwe mlingoti wa kawaida wenye balbu ya kujiwasha. Kama nahodha hawezi kurudi nyumbani mpaka apungiwe taa na mwanamke, basi akae nchi kavu na yule aliye naye. Simwombei ubaya mtu. Nataka mume wangu arudi, aongee nami kama anavyoongea na hiyo bahari yenu.

Nina imani kwamba malalamiko haya yatafika kwa mtu mwenye mke. Nisalimieni wafanyakazi wote wa kampuni na familia zao, hasa mtafsiri. Na yule aliyetengeneza sauti ya mvua, mwambieni nguo zilikauka.

Ni mimi niliyechoka kwa heshima,

Mama Mwelu
(kwenye kitambulisho: Nthoki Mbaluka)
Katibu

Nyongeza: Barua hii haikuondoka jana kwa sababu data iliniishia, na leo kumetokea jambo ambalo siwezi kulificha.

Nilikuwa mezani nikiipitia tena, Mbaluka akiwa baharini. Alichelewa akifukuzana na samaki mkubwa, mshipi ameukaza hadi mwisho, ukungu ukamfunika, na kwa mara ya kwanza tangu aanze mchezo huu akapotea njia. Mtu ambaye hajawahi kupotea hata njia ya mchepuko. Kioo kikaandika, "Umepotea. Mwite bibi." Akabonyeza. Maneno mengine yakajitokeza, naye kama kawaida yake akayasoma kwa sauti: "Nthoki, washa taa."

Mkurugenzi, sikuwaza. Niliinuka, nikafungua mlango, nikawasha balbu ya nje. Niliporudi sebuleni nilikuta taa inawaka kule gatini na mashua inaifuata polepole.

Nilimwuliza hilo jina limeingiaje huko. Hakuondoa macho majini. Akasema, "Siku ile ya kwanza, ukiwa sokoni, gemu iliniuliza jina la bibi. Ulitaka niandike nani?"

Kumbe jina lake halionyeshwi mpaka nahodha apotee. Basi alifunga mashua, akazima injini, akasema, "Asante kwa taa," na sikumwuliza ni taa ipi. Kisha akasogea kwenye kochi, akaniashiria nikae, akaanza kunisimulia la Mtito Andei tangu mwanzo. Kwa Wachira alikuwa amerukaruka sehemu nyingi.

Kwa hivyo nayaondoa malalamiko yangu yote, ila lile la taa za nyuma, ambalo mume wangu anasisitiza libaki. Ukungu uacheni. Mtafsiri mwongezeni mshahara, maana neno bibi alilitumia sawasawa. Wazee wa kanisa nitawaeleza ukweli, lakini si Alhamisi hii, Mzee Thuo amekaribia kisiwa cha tatu.

Na Bibi wa Taa msimguse. Mpeni kiti tu. Amesimama hapo miaka mingi, nami najua magoti yanavyouma.